Herufi Zilizotoroka Kambini

Tarehe 1 Januari 1902 Waingereza walivikusanya vikosi vyao vya Uganda, Afrika Mashariki na Afrika ya Kati, wakaviweka chini ya jina moja: King's African Rifles. Jina refu namna hiyo halifai kwa amri, wala haliingii vizuri kwenye hati ya mshahara. Makarani wakalifupisha likawa KAR. Ofisa alipozitaja herufi hizo tatu mbele ya gwaride, kwa ile lafudhi ya kwao inayoimeza r ya mwisho, askari wa Kinandi, wa Kiacholi au wa Kinyamwezi alisikia kitu kama "keiyaa". Akakirudia vile alivyokisikia. Neno likawa Keya. Mtu aliingia Keya, akapigana vita vya Keya, akarudi kijijini na koti la Keya.

Wengi waliolitumia hawakujua kwamba ni herufi tatu, na hilo halikuwa kasoro. Ndilo lililolipa neno uhai. Kifupisho ambacho watu bado wanakikumbuka kirefu chake hubaki kuwa mali ya ofisi: huandikwa kwa herufi kubwa, hutajwa kwa uangalifu, na hufa siku ofisi inapofungwa. Kinachosahaulika kirefu chake huanza kutembea. King's African Rifles ilivunjwa mataifa yalipopata uhuru. Batalioni ya sita iligeuka Tanganyika Rifles mwaka 1961, na Januari 1964 askari wake waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ile ambayo leo ni Lugalo. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mfalme hakuwepo tena, bunduki zake zilikuwa zimebadilishwa jina, lakini wazee waliendelea kusimulia habari za Keya.

Neno hilo lilizaa na lahaja. Askari wa KAR walitoka makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ila kilikuwa Kiswahili cha aina yake. Ngeli zilipuuzwa, "hapana" ikabeba karibu kila ukanushi, na "iko" ikafanya kazi ya vitenzi vitatu. Mtu hakusema "sitaki". Alisema "mimi hapana taka". Maofisa walijifunza lugha hiyohiyo kutoka kwa askari, na askari wapya wakajifunza kutoka kwa maofisa, hivyo makosa ya kila upande yakawa kanuni ya upande wa pili. Wataalamu wa lugha waliokichunguza baadaye wamekiita KiKAR, na kinatajwa pia kama Kikeya. Kuna kichekesho cha historia hapa. Mwaka 1930 serikali za kikoloni zilianzisha Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na mwaka 1939 ikatoka kamusi sanifu iliyohaririwa na Frederick Johnson. Serikali hizohizo, kwa mkono wa pili, zilikuwa zinafundisha maelfu ya vijana Kiswahili ambacho mhariri huyo asingekipa hata alama ya kufaulu.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, jeshi lilikuwa limeunda batalioni 43 za KAR. Vijana hao walikuwa wamefika Somalia, Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliporudi walileta pensheni ndogo, nyimbo za safari (Funga Safari ndiyo mashuhuri kuliko zote, na Keya imo humo ndani), na lugha ya kambini. Uganda ndiko athari yake ilikodumu vibaya zaidi. Kule wengi walikisikia Kiswahili kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Idi Amin, aliyeandikishwa KAR mwaka 1946, alikitumia. Askari wake wakakitumia kwenye vizuizi vya barabarani. Na kizazi kizima cha Waganda kikakua kikiamini kwamba mtu anayekuamkia kwa Kiswahili usiku anataka kukuibia. Mwalimu wa Kiswahili wa Kampala bado anapambana na sifa hiyo, ingawa si yeye aliyeitafuta.

Jirani wa Keya ni Kariakoo. Hiki si kifupisho cha herufi, lakini ulimi uliokitengeneza ni uleule. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Waingereza waliunda Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa kubeba chakula na risasi mahali ambapo farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa upande wa Waingereza, walio wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kambi yao ya Dar es Salaam, baada ya mji kutekwa Septemba 1916, ikawa Kariakoo. Ya Nairobi ikawa Kariokor, ambayo imeihifadhi r yake mpaka leo na kuuza vikapu na viatu vya tairi. Shabiki anayesubiri dabi ya Kariakoo kati ya Simba na Yanga hawazii kabisa kuhara damu kwa wapagazi wa 1917, na pengine ni haki yake. Hata hivyo, ukitafuta mnara unaolingana na idadi ya waliokufa, hutaupata mkubwa kuliko jina hilo linalotajwa na makondakta wa daladala kutwa nzima.

Mambo haya hayakuwa ya huku peke yake. Vifupisho vinavyosomeka kama maneno ni mazao ya majeshi ya karne ya ishirini, karne iliyokuwa na vikosi vingi mno na simu za upepo zilizolipiwa kwa neno. Mapema mwaka 1915, katika makao makuu ya jeshi mjini Cairo, makarani walichoka kuandika jina lote la kikosi cha Australia na New Zealand, wakachonga muhuri wenye herufi za mwanzo. Ikatoka Anzac. Miezi michache baadaye, tarehe 25 Aprili, watu wa kikosi hicho walishuka ufukoni Gallipoli na kufa kwa maelfu, na muhuri wa karani ukageuka neno takatifu la mataifa mawili.

Wamarekani walikuwa na utani zaidi. Kwenye orodha za vifaa vya jeshi lao, GI ilimaanisha vyombo vya mabati: ndoo na mapipa ya taka. Askari wakazifasiri upya herufi hizo, wakadai zinamaanisha vitu vilivyotolewa na serikali, kisha wakajiita wenyewe hivyo, kwa kuwa nao walijiona ni vifaa vilivyoorodheshwa. Mtoro aliandikwa AWOL, yaani hayupo na hana ruhusa. Vita vya kwanza zilisomwa herufi mojamoja. Vita vya pili likawa neno kamili, na sasa mume asiyeonekana nyumbani wikiendi nzima husemwa yuko AWOL. Mwaka 1941 likazuka SNAFU, sentensi nzima iliyobanwa: hali ni ya kawaida, kila kitu kimevurugika, na kitenzi chenyewe ni tusi lisilosemwa mbele ya wakwe. Jeshi la Marekani halikulipiga marufuku. Lilifanya jambo la busara zaidi: kati ya 1943 na 1945 liliagiza filamu fupi za katuni kuhusu askari mzembe aitwaye Private Snafu, nyingine zikiongozwa na Chuck Jones na kuandikwa na Theodor Geisel, yule ambaye watoto wanamjua kama Dr. Seuss. Kambi ilijifunza kutumia kejeli za wapiganaji wake kuwafundisha wachukue vyandarua na wafunge midomo.

Katika wimbi hilohilo ndimo lilimotoka neno ambalo Nairobi ingekuja kulifanya salamu.

Kabla ya jina kulikuwa na chombo, na chombo hicho kilifika pwani yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya mwaka 1940, Italia ilipoingia vitani, ndege zake za Somalia zilikuwa karibu na Kenya. Mwanafizikia Basil Schonland na wenzake wa Johannesburg walikuwa wameunda mtambo wa kugundua ndege kwa mawimbi ya redio, wakausafirisha hadi Mambrui, kaskazini ya Malindi, wakausimamisha ukitazama bahari. Walikuwa na mtambo lakini hawakuwa na neno tunalolijua. Waingereza waliuita RDF, herufi tatu zisizotamkika, zilizochaguliwa kwa makusudi ili adui asielewe. Neno lenyewe lilitungwa Novemba mwaka huohuo upande wa pili wa dunia, katika jeshi la majini la Marekani, na maofisa wawili, Samuel Tucker na F. R. Furth, waliobana maneno Radio Detection and Ranging yakawa RADAR. Lilikuwa na bahati ya kusomeka sawa kutoka kushoto au kulia. Waingereza walilikubali rasmi mwaka 1943, RDF ikatupwa.

Kiswahili kilipolipokea kiliikata r ya mwisho, kama ilivyokatika ya Keya, na ule mchezo wa kusomeka pande mbili ukafa hapo. Rada. Kwa miaka mingi ilibaki neno la marubani na wataalamu wa hali ya hewa. Kilichoitoa huko ni mambo mawili yasiyohusiana, moja la Dodoma na Dar es Salaam, moja la Nairobi.

La Tanzania lilianza na ununuzi. Mwaka 2001 serikali ilikubali kununua mfumo wa rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa paundi milioni 28. Kelele zilipigwa tangu mwanzo, mpaka ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, kwamba nchi maskini inauziwa mtambo ghali kuliko mahitaji yake. Desemba 2010 kampuni ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, ikatozwa faini ya paundi 500,000, na ikaahidi kuwalipa wananchi wa Tanzania paundi milioni 29.5. Utaratibu wa malipo ulikamilika mwaka 2012, na fedha zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Magazeti hayakuita malipo hayo fidia. Yaliita chenji ya rada, kana kwamba mama alimtuma mtoto dukani na noti kubwa, mtoto akarudi na kifaa kisichoagizwa, na jirani ndiye aliyekwenda kudai baki. Wabunge wakalichukua, vijiwe vya kahawa vikalichukua, na kwa muda Mtanzania ambaye hajawahi kuona mtambo wa rada hata kwa picha aliweza kuutaja bila kusita. Waandishi wa michezo nao hawakubaki nyuma: mshambuliaji anayefunga mabao mikoani sasa "yupo kwenye rada" za klabu kubwa, naye hujua maana yake ni simu itakayopigwa.

Nairobi ilifanya jambo la ndani zaidi. Katika Sheng, rada ikaacha kuwa kifaa. "Rada?" peke yake, kwa sauti inayopanda, ni swali kamili: kuna nini, mpango ni upi, hali ikoje. "Niko rada" maana yake niko macho, nimeelewa, huwezi kunichezea. "Kaa rada" ni onyo, mara nyingi la kirafiki, aghalabu kuhusu polisi au kanjo, askari wa jiji. "Rada chafu" ni mambo yameharibika, ondoka. Angalia jinsi maana zote hizi zinavyoshikana na kazi ya awali ya mtambo, kutuma ishara gizani na kusubiri kinachorudi, ingawa kijana wa Umoja au Kayole hakuketi kulipanga hivyo. Mitaa ya Eastlands ilikulia katika jiji ambalo kujua kinachokuja kabla hakijafika ni stadi ya kuishi. Utingo anahitaji kujua kama kuna trafiki mbele. Mchuuzi anahitaji kujua kama gari la kanjo limepinda kona. Neno lililotungwa kwa ajili ya ndege za kivita lilikuta kazi ileile inafanywa kwa miluzi, likaajiriwa.

Zipo herufi ambazo hazikuyeyuka namna hiyo, kwa sababu watu walikikataa kirefu chake na kuzipa kingine. Bingwa wa aina hii ni FFU. Kwenye karatasi ni Field Force Unit, kikosi cha polisi wa Tanzania kiitwacho rasmi Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Mitaani ni Fanya Fujo Uone. Hakuna aliyetia saini tafsiri hiyo, na hakuna haja. Kila aliyewahi kukimbia mabomu ya machozi nje ya uwanja wa mpira anaona ni sahihi kuliko ile ya serikali. Kenya nako msemo huohuo umebandikwa GSU, kikosi cha polisi wa huko, ingawa herufi hazioani kabisa, jambo linaloonyesha jinsi sentensi ilivyokuwa tamu kuliko hesabu ya herufi. Desturi hii haiishii kwa wenye virungu. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya 1970 ulijulikana kama UPE, na walimu waliofunzwa harakaharaka ili kuutimiza wakaambulia kirefu kipya, Ualimu Pasipo Elimu. Ilikuwa kejeli isiyo ya haki kwa vijana waliofundisha watoto themanini chini ya mwembe, lakini kejeli haichagui.

FFU ina jambo jingine la kuvutia. Kirefu cha mitaani kinaheshimu herufi na kinaheshimu sarufi: ni amri mbili, ya pili ikiwa matokeo ya kwanza, kama maofisa wanavyotoa amri. Wananchi waliikopa sauti ya kikosi wakakisemea kikosi. Inasikika kama tisho, huku inachekesha, na polisi wenyewe husikika wakiitumia wakiwa nje ya kazi.

JWTZ, yaani lile Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa upande wake imegoma kabisa. Herufi nne, irabu hakuna hata moja. Mtu anayetaka kuitaja lazima apite zote kwa Kiingereza, na vijana hawana muda huo. Wakalirudia neno "jeshi", wakalipinda, wakapata mjeda na wajeda. JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ilikuwa na bahati kidogo; inatajika haraka, na waliopita huko, hasa wale wa mujibu wa sheria, walitoka na maneno mengine yaliyoenea kuliko hizo herufi. Kuruta sasa ni mgeni yeyote wa kazi, hata wa benki. Afande, ambalo asili yake ni Kituruki, huitwa mlinzi wa geti anayetafutwa hisani afungue baada ya saa nne usiku.

Kenya ilipata herufi zake mpya kwa Katiba ya 2010, iliyoyaita majeshi ya nchi Kenya Defence Forces. Kwa mwaka mmoja KDF ilikuwa ya wanasheria. Kisha Oktoba 2011 majeshi yakavuka mpaka kuingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na kuanzia siku hiyo hapakuwa na taarifa ya habari isiyozitaja herufi hizo. Zikaingia masikioni mwa watu jioni baada ya jioni. Na mahali fulani kati ya redio na karai la mafuta, zikabandikwa andazi.

Andazi lenyewe lilikuwepo zamani, na lingali na jina lake la zamani, kangumu. Ni unga wa ngano na sukari uliokandwa ukawa mzito, ukakatwa vipande vinene, ukakaangwa mpaka ukawa kahawia. Halina hewa ndani kama mandazi ya iliki ya pwani. Moja na kikombe cha chai humfikisha mtu wa mjengo mpaka saa saba mchana. Ukilitazama hutashangaa lilivyopata jina la wapiganaji: limekauka, halivunjiki ovyo, na linafanya kazi ngumu kwa gharama ndogo. Sarufi nayo imelitenga vizuri. Wanajeshi ni KDF wamevuka, wamerudi, wamepewa medali, ngeli ya watu. Maandazi ni KDF zimeiva, zimepoa, ngeli ya vitu. Herufi ni zilezile tatu, na hakuna Mkenya anayezichanganya.

Si mara ya kwanza kwa jeshi kuliwa na chai. Australia na New Zealand wana biskuti za Anzac, za shayiri, nazi na asali ya miwa, na huko jambo hilo halifanyiwi mzaha. Tangu mwaka 1921 Australia ina kanuni za kulinda neno Anzac lisitumike kibiashara bila idhini ya waziri. Biskuti zimeruhusiwa, mradi mwokaji asiyabadilishe sana mapishi ya asili, na mradi aziite biskuti. Akiziita "cookies", kwa mtindo wa Kimarekani, amekosea. Muuza KDF wa Nairobi hukaanga tu. Akimaliza karai lake mapema humwambia mteja aliyechelewa kwamba KDF zimeisha, zitarudi kesho saa kumi na moja alfajiri, na mteja huenda zake kazini bila wasiwasi wowote kuhusu usalama wa nchi.